Kihadzabe na Njia ya Chumvi: Sauti, Sarufi na Namba kama Chanzo cha Historia ya Mashariki ya Shinyanga

IKISIRI

Insha hii inachunguza Kihadzabe, lugha ya vidoko inayozungumzwa na watu takriban 1,000 kandokando ya Ziwa Eyasi, kama chanzo cha historia ya mkoa wa zamani wa Shinyanga. Kwa muda wa karne nzima lugha hii imesomwa hasa kama ushahidi wa asili ya kale mno, na wazungumzaji wake wakachukuliwa kuwa mabaki ya watu waliotangulia historia. Insha inatetea hoja tatu. Kwanza, kuwapo kwa vidoko peke yake hakuthibitishi undugu wa Kihadzabe na lugha za Kikhoe za kusini mwa Afrika. Pili, sarufi ya Kihadzabe inaonesha lugha iliyosimama peke yake, yenye mfumo kamili unaoakisi maisha ya wazungumzaji wake. Tatu, maneno ya mkopo, hususan namba, yanaonesha kwamba Wahadzabe na Wasukuma walikuwa majirani waliobadilishana bidhaa kwa muda mrefu, na kwamba historia ya Usukuma haikamiliki pasipo ushahidi huo. Insha inahitimisha kwamba kudhoofika kwa Kihadzabe ni upotevu wa chanzo cha historia ya pande zote mbili.

Istilahi muhimu: Kihadzabe, Kisandawe, Kikhoe, vidoko, ukopaji, Usukuma, chumvi ya Eyasi.

1.0 UTANGULIZI

Mji mdogo wa Maganzo, katika wilaya ya Kishapu, uko kandokando ya barabara iendayo Mwanza kutoka Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Historia ya eneo hili husimuliwa kwa kawaida kupitia mambo matatu: almasi na dhahabu, pamba, na ng'ombe wa Wasukuma. Katika masimulizi hayo, upande wa mashariki huonekana kama pori lililokuwa likisubiri kufyekwa. Hata hivyo, Kishapu inapakana na Meatu upande huo, na Meatu, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga kabla ya kuundwa kwa mkoa wa Simiyu, ina Wahadzabe katika pembe yake inayoelekea Ziwa Eyasi. Kwa hiyo, kwa miaka mingi ndani ya mipaka ya mkoa mmoja wa kiutawala zilikuwamo jamii mbili zilizotofautiana kwa lugha kuliko Mswahili anavyotofautiana na Mwarabu: Wasukuma, ambao lugha yao ni ya Kibantu na ina wazungumzaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya jamii nchini, na Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana.

Swali la insha hii ni dogo lakini lina uzito: je, jamii hizi mbili ziliishi bila historia ya pamoja? Nyaraka za maandishi hazina jibu la kutosha, kwa kuwa Wahadzabe hawakuandika, na walioandika habari zao walivutiwa zaidi na mambo ya kale kuliko mambo ya ujirani. Lugha yenyewe, hata hivyo, ni nyaraka. Inahifadhi katika sauti, viambishi na msamiati wake alama za watu iliokutana nao. Insha inaanza na historia ya jinsi wataalamu walivyoiainisha lugha hii, inaeleza sauti na sarufi yake kwa kadiri inavyohitajika kwa hoja ya kihistoria, kisha inaingia katika ushahidi wa namba na njia ya chumvi.

Katika insha hii jina Kihadzabe linatumika kwa lugha na Wahadzabe kwa watu, kama ilivyozoeleka katika Kiswahili, ingawa, kama itakavyooneshwa, jina lenyewe lina historia yake.

2.0 UAINISHAJI: KUTOKA MKALAMA HADI KIKHOE

Habari za mapema za kitaalamu kuhusu Wahadzabe zilitokana na Mjerumani Erich Obst, mtaalamu wa jiografia aliyesafiri kutoka Mkalama na kuchapisha ripoti yake mwaka 1912. Miaka minne baadaye, mwaka 1916, Otto Dempwolff, aliyekuwa daktari wa jeshi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alichapisha utafiti wake kuhusu Wasandawe wa Kondoa, wazungumzaji wa lugha nyingine ya vidoko katika Tanzania ya leo. Mwaka 1930 Dorothea Bleek, aliyetoka Afrika Kusini akiwa tayari amebobea katika lugha za Wasan, alifika kwa Wahadzabe, na mwaka 1931 makala yake ilichapishwa. Swali alilokuja nalo lilikuwa swali la kusini: je, hawa ni ndugu wa watu anaowafahamu?

Kufikia wakati huo istilahi mpya ilikuwa imezaliwa. Mwaka 1928 Leonhard Schultze aliunganisha majina mawili na kupata Khoisan, akikusudia kuelezea maumbile ya watu wa kusini. Joseph Greenberg, katika uainishaji wake wa mwaka 1963, aliifanya istilahi hiyo kuwa jina la familia ya lugha na kuwaingiza humo Wasandawe na Wahadzabe. Tangu hapo, ramani nyingi za lugha za Afrika zimeonesha madoa mawili madogo katikati ya Tanzania yaliyopakwa rangi moja na jangwa la Kalahari, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000.

Uainishaji huo ulipingwa mapema. Ernst Westphal alikana umoja wa lugha za vidoko, na Bonny Sands, katika tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1998, alipima upya madai ya undugu na kuonesha kwamba mifanano iliyotajwa baina ya Kihadzabe na lugha za kusini haizidi ile inayoweza kutokea kwa bahati. Leo wanaisimu wengi wanakiweka Kihadzabe miongoni mwa lugha pweke. Hali ya Kisandawe ni tofauti. Tom Güldemann na Edward Elderkin, mwaka 2010, walionesha uwezekano wa undugu kati ya Kisandawe na familia ya Kikhoe, ambayo ina lugha kama Kikhoekhoe cha Namibia na Kinaro cha Botswana. Miongoni mwa ushahidi wao ni viwakilishi: nafsi ya kwanza umoja ya Kisandawe ni tsi, na katika lugha za Kikhoe umbo la ti hupatikana kwa maana hiyohiyo. Ushahidi wa namna hii una nguvu zaidi kuliko vidoko, kwa sababu viwakilishi hukopwa kwa nadra.

Historia hii ya uainishaji ina matokeo nje ya isimu. Pale lugha ya watu inapoitwa tawi la familia ya kale iliyosambaratika, watu wenyewe huanza kuonekana kuwa masalia. Ushahidi wa jenetiki hautoi msingi wa kurahisisha mambo hivyo. Sarah Tishkoff na wenzake, mwaka 2007, walikadiria kwamba watu wa vidoko wa Tanzania na wale wa kusini walianza kutengana zaidi ya miaka 35,000 iliyopita. Hakuna lugha inayobaki ileile kwa muda wa namna hiyo. Anayesikiliza Kihadzabe leo anasikiliza lugha ya leo, iliyobadilika na kukutana na nyingine kama ilivyobadilika Kisukuma.

3.0 SAUTI

Kidoko ni konsonanti inayotamkwa kwa kufunga kinywa mahali pawili, nyuma kwenye kaakaa laini na mbele kwenye meno au ufizi, kisha kuachilia mfungo wa mbele baada ya ulimi kuvuta hewa iliyo katikati. Mswahili hutamka vidoko bila kuvihesabu kuwa sehemu ya lugha: kimoja cha kusikitika, kingine cha kumhimiza punda. Katika Kihadzabe sauti hizo huingia ndani ya maneno na kutofautisha maana kama vile p na b zinavyotofautisha pata na bata.

Mahali pa matamshi ni patatu: meno, ufizi, na pembeni mwa ulimi. Katika tahajia inayofuata desturi ya Kizulu, vidoko hivyo huandikwa c, q na x kwa mfuatano huo. Kila kimoja kinaweza kutamkwa kikavu, kwa mpumuo, kwa unazali, au kwa unazali unaofungwa na glota. Kisandawe kina mahali palepale patatu, lakini kina namna tano za kutamka, ikiwamo ya kughunisha, na hivyo kufikisha vidoko 15. Zaidi ya vidoko, Kihadzabe kina konsonanti nyingi zinazosukumwa kwa hewa ya glota na sauti kadhaa za kitambaza, pamoja na irabu tano, i, e, a, o na u, ambazo kila msomaji wa Kiswahili anazifahamu.

Mambo mawili yana umuhimu kwa mwanahistoria. La kwanza ni nafasi ya kidoko katika neno. Katika lugha nyingi za kusini kidoko hukaa mwanzoni mwa mzizi. Katika Kihadzabe hukaa hata katikati, kama katika laqo, kujikwaa, na haqqako, jiwe. Kisandawe nacho huruhusu hivyo. Tofauti hii inatosha kutuonya kwamba vidoko vya Eyasi si nakala ya vidoko vya Kalahari.

La pili ni muundo wa silabi. Silabi ya Kihadzabe kwa kawaida ni konsonanti na irabu, na huishia kwa irabu. Huu ndio muundo wa Kisukuma na Kiswahili pia. Neno la Kibantu likiingia katika Kihadzabe haliwi mgeni wa sura. Halihitaji kukatwa wala kuongezwa irabu. Kwa hiyo maneno ya mkopo katika lugha hii yanaweza kupita bila kutambuliwa, na anayetafuta historia ya ujirani lazima ayatafute kwa makusudi.

Kuhusu hoja ya undugu, inafaa kukumbuka kwamba vidoko huhama. Kizulu na Kixhosa, lugha za Kibantu, vilivipata kutoka kwa majirani. Nchini Kenya, katika maeneo ya Lamu na mto Tana, Kidahalo ni lugha ya Kikushi yenye vidoko vya meno katika maneno machache, na wataalamu hudhani ni masalia ya lugha waliyozungumza wazee wao kabla ya kuhamia Kikushi. Sauti inayoweza kukopwa, na inayoweza kubaki baada ya lugha yenyewe kuachwa, haiwezi kuwa hati ya kuzaliwa.

4.0 SARUFI

Nomino za Kihadzabe zina jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na idadi mbili. Umoja wa kiume hauna kiambishi; umoja wa kike huchukua -ko; wingi wa kiume huchukua -bii, na wingi wa kike -bee, ambao pia hutumika kwa mchanganyiko. Hivyo hadza ni mwanamume, hadzako ni mwanamke, hadzabii ni wanaume, na hadzabee ni wanawake au watu kwa jumla. Pundamilia ni dongoko, na wengi ni dongobee.

Kutokana na mfumo huu tunaweza kusoma makosa ya wageni. Jina Wahadzabe limebeba wingi mara mbili: wa- ya Kiswahili mwanzoni na -bee ya Kihadzabe mwishoni. Jina Hadzapi, alilolitumia Bleek mwaka 1931, si jina bali ni sentensi, kwa kuwa -pi ni umbo la kitenzi kishirikishi la wingi wa kiume; maana yake inakaribia "ni Wahadzabe". Bila shaka aliyeulizwa alijibu swali, na jibu likaandikwa kuwa jina la kabila. Jina Watindiga, lililotumika sana wakati wa ukoloni, lilitoka kwa majirani na linahusishwa na majani ya kinamasi cha Mangola. Katika maandishi ya Kijerumani lipo pia jina Wahi, linalonasibishwa na Wasukuma. Kila jina ni alama ya mtu aliyekuwa akitazama kutoka upande wake.

Jinsi katika Kihadzabe haishii kwa viumbe. Mmea unaotambaa ni wa jinsi ya kiume, na kiazi chake kilicho ardhini ni cha kike; mti wa matunda ya porini ni wa kike, na tunda lake ni la kiume. Kitu cha kike kikiwa chembamba kupita kawaida kinaweza kutajwa kwa jinsi ya kiume, na cha kiume kikiwa cha mviringo kikatajwa kwa jinsi ya kike. Mchimba viazi na mchuma matunda anapata katika kiambishi kimoja tofauti ambayo lugha nyingine hulazimika kuitafutia neno jingine. Vivyo hivyo, mnyama aliyeuawa au kuonekana mzoga hatangazwi kwa jina lake la kawaida. Pundamilia aliye hai ni dongoko. Anapotangazwa kuwa ameangushwa huitwa hantayii, umbo ambalo kisarufi ni kitenzi cha amri. Wanyama wapatao 12 wana majina ya aina hii. Sarufi hapa imeungana na desturi ya kugawana nyama, kwa maana tangazo ni mwito kwa wasikilizaji.

Ulinganisho na Kisandawe unaonesha umbali uliopo. Kitenzi cha Kisandawe kwa kawaida hukaa mwishoni mwa sentensi, kama ilivyo katika Kikhoe. Kihadzabe kina mpangilio huru zaidi, na kitenzi mara nyingi hutangulia. Jinsi zipo katika lugha zote mbili, lakini viambishi vyake havilingani. Tukiondoa vidoko, kinachobaki si ushahidi wa undugu wa karibu bali ni lugha mbili zenye historia mbili.

5.0 NAMBA NA NJIA YA CHUMVI

Ushahidi ulio wazi zaidi wa historia ya ujirani uko katika namba. Wanaisimu walioandika kuhusu Kihadzabe wameonesha asili ya namba hizo kama ifuatavyo.

Jedwali la 1: Baadhi ya namba za Kihadzabe na asili yake

Moja: itchame, neno la asili
Mbili: piye, neno la asili
Tatu: samaka, mkopo kutoka Kidatoga
Nne: bone, mkopo kutoka Kisukuma
Tano: bothano, mkopo kutoka Kisukuma
Kumi: ikhumi, mkopo kutoka Kisukuma

Asili ya samaka inathibitishwa na lugha ndugu za Kidatoga: Wakalenjin wa Kenya, ambao lugha yao ni ya tawi hilohilo la Kiniloti cha kusini, wana somok kwa maana ya tatu. Katika bone na bothano mizizi -ne na -tano ya Kibantu inaonekana bila shaka, na silabi ya mwanzo inafanana na kiambishi cha ngeli. Mhadzabe aliyelipokea neno hakukitambua kiambishi kuwa kiambishi. Alilichukua neno zima kama alivyolisikia likitamkwa katika kuhesabu. Ikhumi inalingana na ikumi ya Kisukuma, isipokuwa mpumuo wa k, kama ulivyo mpumuo wa t katika bothano. Lugha inayotofautisha k kavu na kh yenye mpumuo ililazimika kuchagua moja, na ikachagua.

Ipo hoja ya upinzani inayostahili kujibiwa. Namba za lugha za Kibantu hufanana sana, na upande wa kusini wa Ziwa Eyasi wapo Waisanzu, ambao pia ni Wabantu na wamefanya biashara na kuoana na Wahadzabe. Je, maneno haya hayangeweza kutoka kwao? Umbo la neno peke yake halitoshi kuikataa hoja hiyo. Kinachoipa nguvu njia ya Usukuma ni ushahidi wa nje ya isimu, yaani chumvi.

Mwaka 1938, H. S. Senior alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala kuhusu misafara ya Wasukuma ya kwenda kuchota chumvi katika Ziwa Eyasi. Misafara hii ilifanyika wakati wa kiangazi, maji ya ziwa yanapopungua na kuacha magadi na chumvi juu ya udongo. Safari ilipita katika nchi ya Wahadzabe, hasa eneo la magharibi ya ziwa liitwalo Dunduhina. Ilikuwa safari ya siku nyingi katika nchi yenye maji machache, na mwenyeji aliyejua mahali pa maji alikuwa na thamani. Sambamba na wachota chumvi walikuwapo wawindaji wa tembo wa Kisukuma. Chama chao, Bayege, kimeelezwa na Frank Gunderson katika utafiti wake wa nyimbo za kazi za Wasukuma.

Mgeni alihitaji kibali cha kupita na kuwinda. Mwenyeji alihitaji chuma. Wahadzabe hawakuyeyusha madini. Vichwa vya mishale yao ya chuma vilifuliwa bila moto mkali, kwa kugongwa juu ya jiwe, kutokana na vyuma chakavu walivyopata kwa majirani. Jembe la Usukuma nalo lilikuwa na safari yake ndefu, kwani wafuaji mashuhuri wa majembe walikuwa Warongo wa Geita na Buzinza. Si vigumu kuuona mnyororo: chuma kutoka upande wa Geita, jembe katika shamba la Msukuma, kipande kilichochakaa katika mzigo wa msafara, na hatimaye mshale kando ya Eyasi. Kutoka upande mwingine zilikwenda asali, nyama, ngozi na pembe. Mabadilishano ya namna hii huhitaji kuhesabu, na huhitaji kuhesabu katika lugha ambayo pande zote zinaielewa. Wahadzabe, ambao katika maisha yao ya kawaida hawakuwa na haja kubwa ya namba zaidi ya mbili, walizichukua namba pale zilipohitajika.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, jedwali hili lisisomwe kama tabaka za udongo katika shimo la mwanaakiolojia, kana kwamba tatu ilikopwa kwanza kwa sababu inatangulia nne. Namba hukopwa kwa matumizi, si kwa mfuatano. Pili, kukopa namba si dalili ya upungufu wa akili wala wa lugha. Katika soko la Maganzo leo, wazungumzaji wa Kisukuma wanaojadiliana kwa Kisukuma hutaja bei kwa Kiswahili, na hakuna anayedhani kwamba Kisukuma hakina namba. Fedha, shule na mizani vilikuja vikizungumza Kiswahili, na namba zikafuata. Kilichowapata Wahadzabe katika njia ya chumvi ndicho kinachowapata Wasukuma katika barabara ya lami.

6.0 ARDHI, SERA NA HATIMA YA LUGHA

Uhusiano wa njia ya chumvi ulidumu kwa kuwa kila upande ulikuwa na nchi yake. Mpaka haukuwekwa na serikali bali na mbung'o. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi, malisho yakageuka vichaka, na mbung'o wakaenea katika sehemu kubwa za Usukuma na mashariki yake. Pori hilo lilikuwa hasara kwa mfugaji na hifadhi kwa mwindaji. Katika kipindi cha Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, na ufyekaji mkubwa wa vichaka ukafanywa kwa nguvukazi ya wananchi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa miaka 1947 hadi 1956 ukaongeza msukumo wa kutawanya watu na mifugo kuelekea nchi mpya, ikiwamo Geita upande wa magharibi. Makazi ya wakulima na wafugaji yakasogea pia mashariki, Meatu. Ufyekaji ulikwenda mbali kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ili kurudisha miti kwa njia ya ngitili.

Mchota chumvi alikuja na kuondoka. Mfugaji alikuja na kubaki. Hapo ndipo ujirani ulipobadilika sura. Majaribio ya kuwaweka Wahadzabe katika makazi ya kudumu, likiwamo lile la Yaeda Chini katikati ya miaka ya 1960, hayakufikia malengo yake, na Daniel Ndagala ameonesha jinsi mipango hiyo ilivyojengwa juu ya picha ya mwindaji kama mtu asiye na mustakabali. Picha hiyo ndiyo ileile ya masalia iliyojadiliwa katika sehemu ya pili. Uainishaji wa kitaalamu na mpango wa maendeleo vilikutana katika wazo moja: kwamba watu hawa ni wa jana. Hatua ya tofauti ilipatikana mwaka 2011, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipopewa hati za kimila za kumiliki ardhi. Hatua hiyo ilitambua kwamba wana mahali pa leo.

Kwa upande wa lugha, sera imekuwa ya ukimya. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, ingawa hazina nafasi darasani. Sensa haijauliza kabila tangu mwaka 1967, kwa sababu njema za umoja wa kitaifa, lakini matokeo yake ni kwamba idadi ya wazungumzaji wa Kihadzabe hutokana na makadirio ya watafiti. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa atlasi mwaka 2009, ulikuwa hatua kubwa ya kuzirekodi lugha hizi nyumbani.

Kihadzabe hakijafa. Watoto wengi bado wanakipata kutoka kwa wazazi wao, jambo lisilo la kawaida kwa lugha ya watu 1,000. Lakini majirani wake wa zamani wanatoa onyo. Kiaasax na Kikw'adza, lugha za Kikushi za jamii ndogo za kaskazini na kati mwa Tanzania, zilitoweka katika karne ya 20, na zimebaki orodha za maneno tu. Lugha hizo hazikunyamaza kwa kukatazwa; wazungumzaji wake waliingia katika jamii kubwa zaidi, mmoja baada ya mwingine, kwa ndoa, kazi na mifugo. Kihadzabe kinalindwa na uwezo wa Wahadzabe kuishi pamoja katika nchi yao. Pori likiisha, sababu ya kutaja tofauti ya mmea na kiazi chake kwa kiambishi itakuwa imeisha pia.

7.0 HITIMISHO

Insha hii imeonesha kwamba swali lililotawala utafiti wa Kihadzabe kwa karne moja, yaani kama lugha hii ni ndugu wa lugha za Kikhoe na nyingine za kusini, limefunika swali jingine lililo karibu zaidi na Mtanzania. Vidoko havithibitishi undugu. Sarufi inaonesha lugha pweke yenye mantiki yake. Namba zinaonesha watu waliokuwa sokoni, kwa maana pana ya neno hilo, pamoja na Wadatoga na Wasukuma, kabla ya mwanaisimu wa kwanza kuvuka bonde la Eyasi.

Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanatolewa kwa watafiti. Kwanza, utafiti wa maneno ya mkopo ufanywe kwa kina katika Wahadzabe wa magharibi ya ziwa, upande wa Meatu, ambako uhusiano na Usukuma ni wa karibu zaidi, na ulinganishwe neno kwa neno na Kiisanzu ili swali la njia ya ukopaji lipate jibu thabiti. Pili, utafiti huo ufanywe pia kwa upande wa pili: wazee wa Kisukuma wa Kishapu, Maswa na Meatu waulizwe kuhusu safari za chumvi, majina ya mahali walipopita na majina ya wenyeji waliowapokea. Wasomi wa Shinyanga wanaozungumza Kisukuma wana nafasi ya pekee katika kazi hii, kwa kuwa sehemu ya historia ya wazee wao imehifadhiwa katika kinywa cha jirani. Jirani huyo bado anahesabu bone, bothano, ikhumi. Msukuma anayemsikiliza anapaswa kujiuliza ni safari gani iliyoyafikisha maneno hayo kando ya Eyasi, na kuirekodi kabla hajabaki mtu wa kuulizwa.